Jiwe la Mia na Baraza la Ngwali

Hapo zamani, zamani ambayo hata babu zetu waliisikia kwa watu, mimi nilikuwepo, na haya yote niliyaona kwa macho yangu mawili, la kulia likiona na la kushoto likilisaidia. Asiyesadiki na aende Mwambakuu akaulize. Akiambiwa huko kuwa hakuna anijuaye, basi na ajue kwamba watu wa Mwambakuu ni wasahaulifu sana. Mimi chuoni sikukaa sana, mwalimu alichoka mapema, lakini kuona hakuhitaji kalamu.

Basi Mwambakuu ulikuwa mji wa mawe, wenye majumba marefu na vichochoro vyembamba, hata punda wawili wakikutana hapana budi mmoja arudi kinyumenyume. Sultani wake aliitwa Shekue. Alikuwa mtu mwema, mwepesi wa kucheka, ila alikuwa na maradhi mamoja: hakuweza kusikia kuwa mji mwingine una kitu asichokuwa nacho yeye. Siku moja akafika mgeni kutoka mji wa Kirumbi, akasimulia mezani kuwa Sultani wa Kirumbi amejenga mnara katikati ya uwanja, na juu ya mnara ameweka tausi wa vigae vya rangi, na watu wanatoka nchi za mbali kuja kumtazama. Sultani Shekue akaliweka tonge chini. Akamgeukia Waziri wake, aitwaye Feruzi, akamwambia, "Ewe Waziri, Kirumbi wana tausi. Sisi tuna nini?"

Waziri akafikiri, akajibu, "Maulana, sisi tuna amani."

"Amani haina mkia," akasema Sultani. "Nataka pambo la mji, la watu wote, tajiri na maskini, na hazina yangu isiguswe."

Ikawa siku ya pili yake imetoka amri: kila ajengaye jengo jipya mjini, katika kila mawe mia atakayoyaleta, jiwe moja si lake. Jiwe hilo lipelekwe uwanja wa soko, chini ya ukuta wa jumba la Sultani, likangoje kuwa pambo. Watu wakaliita jiwe la mia. Wakateuliwa pia wazee sita, wa saba na mkubwa wao akiwa Waziri Feruzi mwenyewe, wakaitwa Baraza la Pambo, kazi yao kuamua pambo liwe nini.

Basi mawe yakaja. Baraza nalo likakaa. Mwaka wa kwanza likakaa kuamua kama pambo liwe refu au liwe pana. Mwaka wa pili mzee mmoja akataka simba, mwenziwe akasema kiumbe hakichongwi, wa tatu akataka birika la maji, wa nne akauliza maji yatatoka wapi, wa tano akasema yeye anakubaliana na wote ila kwa masharti. Mwaka wa tatu wakaunda baraza dogo la kulishauri baraza kubwa, na wajumbe wake wakawa walewale, wamebadilishana viti tu. Ikawa miaka saba hivyo. Rundo la mawe likawa kilima, mbuzi wakalifanya kwao, mahamali wakajikwaa hapo mchana kweupe, na mgeni akiuliza hiki ni nini huambiwa, "Hilo ndilo pambo letu. Bado halijaamuliwa."

Sasa mjini humo palikuwa na mtu jina lake Ngwali, mpiga nakshi za chokaa. Kwa maneno yake mwenyewe, hapakuwa na fundi kama yeye kutoka Mwambakuu hadi mwisho wa dunia. Kwa maneno ya waliowahi kumpa kazi, mambo yalikuwa mbali na hivyo. Tajiri mmoja alimtaka amchongee maua ya waridi juu ya mlango, na yalipokwisha, jirani akapita akauliza, "Bwana, umeanza kuuza kabichi?" Tangu siku hiyo Ngwali hakupata kazi nyingine ya maana. Akawa anashinda kwa muuza kahawa, kanzu yake ina viraka mpaka kiraka kina kiraka, akijisemea, "Mikono yangu hii ni ya dhahabu. Ndiyo maana haifanyi kazi, dhahabu huwekwa tu."

Siku moja, amekwisha kunywa kahawa ya watu watatu wala hajalipa hata ya mmoja, akalitazama lile rundo, akatia mkono kiunoni, akasema kwa sauti, "Miaka saba! Nipeni mimi mawe yale siku arobaini tu, nitawaletea pambo ambalo Waziri Feruzi mwenyewe atakosa la kusema!"

Watu wakacheka, naye akacheka, akaenda zake, akasahau. Lakini maneno yale hayakwenda naye. Yalipanda ngazi za jumba la Sultani, na kabla ya jua kuwa kichwani askari wawili walikuwa wamemshika Ngwali mikono, huku na huku, kama bibi arusi.

Sultani akamtazama, akamwuliza, "Wewe ndiye uliyesema utaleta pambo kwa siku arobaini?"

"Maulana, Mungu akupe umri mrefu," akajibu Ngwali, "yale niliyasema nina kahawa tupu tumboni. Kahawa tupu, Maulana, haina adabu."

"Ulisema, au hukusema?"

"Nilisema, Maulana. Lakini nasema mengi. Mwulize mke wangu."

Sultani akataka kucheka. Waziri Feruzi hakutaka. Neno la kuwa atakosa la kusema lilimchoma, kwa kuwa miaka saba kusema ndiyo iliyokuwa kazi yake. Akainama, akanena, "Ewe Maulana, usimkatishe tamaa fundi. Mpe mawe. Ila ni jambo la mji, na jambo la mji lina utaratibu wake. Naomba tuandike masharti."

Sultani akakubali. Waziri akamwamuru karani, naye karani akaandika kama alivyotamkiwa, neno kwa neno:

"Mawe ya mia ni ya baraza, wala yasiende kwa yeyote wala kwa chochote ila kwa baraza. Siku ya arobaini, tangu adhuhuri hata adhana ya alasiri, watu wote wa mji waitwe, na asisimame hata mtu mmoja, mwungwana wala hamali, kulipinga pambo hilo. Akisimama hata mmoja, Ngwali atoke mjini wala asirudi, na nyumba anayokaa ivunjwe, mawe yake yatupwe juu ya rundo."

Waziri akatabasamu. Alikuwa ameziba huku na huku: mawe hayatoki ila baraza limekubali, na baraza halijapata kukubali hata saa ya chakula. Na hata yakitoka, ni mji gani duniani watu wake wote wakapenda kitu kimoja?

Ngwali akarudi nyumbani akitembea kama aliyebeba mlango mgongoni. Mkewe, Mize, alikuwa anasuka mkeka. Alipokwisha kumsikiliza hakupiga kelele, na hapo ndipo Ngwali alipoogopa hasa.

"Nyumba anayokaa," akasema Mize polepole. "Ngwali, nyumba unayokaa ni ya nani?"

"Yetu, mke wangu."

"Ya mama yangu! Amenizaa mle, amefia mle. Wewe ulikuja na kanzu na mwiko wa chokaa, na huo mwiko nao uliuazima. Leo umekwenda kuiwekea shindano nyumba ya mama yangu kwa vikombe vya kahawa vya watu?"

"Nitalifikiria jambo."

"Lifikirie. Na ulifikirie huko nje."

Basi Ngwali akatoka akakaa kwenye baraza la nyumba, lile la mawe linalokaa ubavuni mwa mlango, ambalo kila nyumba ya Mwambakuu ilikuwa nalo kwa kupokelea wageni. Akakaa siku ya kwanza, ya pili, ya tatu. Akawaza mnara, akakumbuka kuwa hajui kujenga mnara. Akawaza simba, akakumbuka waridi zake. Na kila apitaye njiani alisimama kumpa pole, kisha akakaa, kisha akaeleza yeye angejenga nini, kisha akalalamika juu ya wengine wote, akanywa maji, akaondoka amefurahi. Siku ya nne baraza lilikuwa limejaa, na Ngwali mwenyewe amesukumwa mpaka pembeni kabisa.

Mize akatoka nje na ufagio, akawatazama, akasema, "Hebu waoneni! Wote wamekuja kupinga, na hakuna hata mmoja aliyesimama. Mume wangu, hili baraza ndiyo kazi pekee uliyowahi kuimaliza tangu nikujue, na ndiyo kazi pekee watu wanayoitumia. Inueni miguu nifagie!"

Ngwali akainua miguu. Akabaki ameiinua, ufagio umekwisha kupita. Kisha akaruka, akakimbia pekupeku mpaka uwanja wa soko.

Pale kwenye rundo palikuwa na mlinzi jina lake Faki, askari mzee, mtu wa amri. Amri ikisema simama, hata nyumba ikiwaka moto yeye angesimama ndani yake. Ngwali akamwambia, "Bwana Faki, nimekuja kuchukua mawe."

"Mawe hayatoki," akasema Faki. "Karani amenisomea mara tatu. Ni ya baraza, wala hayaendi kwa chochote ila kwa baraza."

"Nami ndivyo nilivyosikia. Sasa niambie, Bwana Faki, kile unachokalia jioni mlangoni kwako, ukivua viatu, kinaitwaje?"

"Baraza."

"Basi mimi nakwenda kujenga hicho."

Faki akakunja uso, akalitafuta kosa katika amri kama mtu atafutaye mwiba katika samaki. Hakuliona. "Ni ya baraza," akasema, "na wewe wajenga baraza. Ukijenga ukuta nakukamata."

"Nikijenga ukuta nikamate."

Basi kazi ikaanza. Mahamali waliokuwa wakijikwaa kwenye rundo lile kwa miaka saba wakamsaidia bila kuombwa, kila mmoja akilibeba kwa furaha jiwe lililomvunja ukucha. Baraza likaanza chini ya ukuta wa jumba la Sultani, pale kivuli kinapoangukia baada ya adhuhuri, likaenda hatua mia moja na kumi. Ngwali akapima kimo kwa kiuno cha hamali, ili mwenye mzigo aweze kuutua nyuma yake bila kumwita mtu. Ukutani akatoboa vidaka vya kuwekea vikombe. Kisha akapaka chokaa, akachonga nakshi mwanzo hadi mwisho, na kwa mara nyingine waridi zikatoka kabichi. Safari hii akawahi kuwaambia watu kuwa nia yake tangu mwanzo ilikuwa mboga, kwa heshima ya soko.

Waziri Feruzi akaletewa habari, akaja kuangalia kwa mbali. Alipoona ni mahali pa kukalia tu, akarudi akisugua viganja. "Mwacheni amalize," akasema. "Sultani anataka tausi, yeye ampa kiti. Siku ya arobaini mji mzima utasimama."

Ikawa siku ya arobaini. Jua lilikuwa kali hata mawe ya uwanjani yalichoma nyayo. Mpiga mbiu akapita mitaani: "Enyi watu wa Mwambakuu! Aliye na neno la kulipinga pambo la mji, na aje asimame aseme!" Karani akaketi na wino wake chini ya mwavuli. Sultani akafungua dirisha la juu. Ngwali akasimama mwanzo wa baraza lake, jasho likimtoka kabla ya mtu yeyote kufika, na kando yake akasimama Mize na birika la kahawa.

Sasa huku kwetu, msikilizaji, kuna desturi. Mtu akija na jambo lake huambiwa karibu, akaambiwa kaa kitako, akapewa kikombe, akaulizwa hali ya nyumbani, ndipo husema lililomleta. Anayeanza kusema angali amesimama huhesabiwa amekuja kugomba, na mgomvi hasikilizwi.

Akaja wa kwanza, yule mzee aliyetaka simba miaka sita, uso umemkunjamana. Ngwali akasema, "Karibu, mzee wangu, karibu kitako!" Mzee akalitazama jua, akakitazama kivuli. Akakaa. Mize akampa kikombe. Baada ya hali na habari, mzee akasema, "Nimekuja kusema hili si pambo. Pambo ni simba."

Karani akauliza, "Amesimama?"

"Amekaa," wakasema watu.

Karani hakuandika.

Akaja mwenziwe aliyempinga simba. Karibu kitako. Akakaa, akaanza kumpinga simba upya, na wale wawili wakawa hawana tena haja na mtu mwingine. Akaja mama mmoja muuza samaki, sauti yake inafika kabla yake: "Mawe ya miaka saba mmeniletea kigogo cha kukalia? Kwani mimi sina makalio ya kwetu?"

"Karibu kitako, mama yangu," akasema Ngwali.

"Sikai!" Akatua kapu lake juu ya baraza, likakaa sawasawa na kiuno chake, bila kumwita mtu. Akalitazama. Alikuwa analitua kapu lile peke yake kwa mara ya kwanza tangu aolewe. "Nakaa," akasema, "lakini nimekasirika." Akakaa, akatoa kasoro kumi na mbili, na ya kumi na mbili ilikuwa kwamba baraza ni fupi, lingefika mpaka soko la samaki.

Wakaja mafundi wa nakshi, wenye wivu, wakaja washairi waliotaka beti zao ziandikwe ukutani, wakaja wazee wote waliobaki wa Baraza la Pambo. Wote walipinga, na wote walipinga kwa kukaa. Sultani akachungulia dirishani, akasema, "Mimi kutoka huku sioni nakshi. Naona vipara sita vimepangwa kama sahani."

Waziri, aliyekuwa kando yake, akaona kivuli kinarefuka na alasiri inakaribia. Akateremka ngazi mwenyewe, akatokea uwanjani. Moyo wa Ngwali ukamshuka mpaka kwenye viatu, na viatu hana.

"Karibu, Bwana Waziri," akasema kwa sauti nyembamba. "Karibu kitako."

"Sikuja kukaa."

Mwungwana kukataa karibu mbele ya watu! Mzee wa simba akatikisa kichwa, muuza samaki akasema, "Haa, na huyu ana mama kweli?" Waziri akaona macho yote, akakaa ukingoni, nusu ya kiti hewani, akapokea kikombe, akajibu hali na habari kama mtu anayetema kokwa. Alipokwisha akajiinua asimame. Lakini alipojiinua tu, hamali mmoja aliyekuwa akiwinda nafasi tangu adhuhuri akateleza chini yake, na Waziri, kuhisi kiti kinasogea, akarudi chini kwa hofu, akajikuta juu ya mapaja ya hamali.

"Karani!" akapaza sauti. "Andika! Nimesimama!"

Karani akafikiri sana, kalamu mkononi. "Bwana wangu," akasema, "umeinuka. Hujasimama."

Kule juu Sultani akacheka mpaka akashika dirisha, kisha akasema, "Hili silioni vizuri kutoka huku," akateremka. Lango la jumba likafunguliwa, Sultani Shekue akatoka, na watu, kama ilivyo adabu, wakasimama mbele ya Sultani wao, wote, hatua mia moja na kumi za watu, na Waziri akiwa katikati yao.

Waziri akang'aa kama aliyeokota dhahabu. "Maulana!" akanena. "Shahidi ni wewe na karani. Mimi nimesimama, na nalipinga pambo hili! Amri itimizwe, nyumba ivunjwe!"

Karani akachovya kalamu. Mize akaweka birika chini. Askari wawili wakajongea karibu na Ngwali.

Ngwali akasema, "Maulana, Mungu akupe umri mrefu, nina swali kabla kalamu haijashuka. Watu wote hawa wamesimama kwa heshima yako. Bwana Waziri naye amesimama. Mtu husimama mara moja kwa neno moja. Na atuambie, amesimama kwa heshima yako, au amesimama kulipinga baraza? Kama ni kwa heshima yako, hajapinga, na karani asiandike. Na kama ni kulipinga baraza, basi leo Sultani ametoka nje, mji mzima umemheshimu, hata mahamali, hata muuza samaki, akabaki mmoja tu asiyemsimamia bwana wake, naye ni Waziri. Hilo karani aliandike kwa wino mzito."

Uwanja mzima ukamgeukia Waziri. Sultani naye akamgeukia, hacheki tena. "Naam, Feruzi," akasema. "Umesimama kwa nani?"

Waziri akafungua mdomo, akaufunga. Miaka saba hakukosa neno, na siku ile alilitafuta mpaka masikio yakawa mekundu. Mwisho akasema, kwa sauti ya mtu aliyefunikwa na godoro, "Nimesimama kwa heshima yako, Maulana."

"Ahsante," akasema Sultani. Akakaa juu ya baraza, kati ya muuza samaki na mzee wa simba, akaegemeza mgongo ukutani mwake mwenyewe, ukuta alioishi nyuma yake miaka yote asijue kuwa upande wa nje una baridi nzuri hivyo. Akapiga jiwe kando yake kwa kiganja. "Karibu kitako, Waziri wangu."

Ni nani akataaye karibu ya Sultani? Waziri akakaa. Na alipokuwa angali anakusanya joho lake, mwadhini akapaza adhana ya alasiri.

Hapo Sultani akacheka tena, kilemba kikamwangukia shingoni. Akaamuru jiwe la mia liendelee, lakini tangu siku ile liende kwenye mabaraza ya kukalia, mtaa baada ya mtaa, na watu wa mtaa waulizwe kwanza kivuli kinaanguka wapi. Na tanuri likitoa chokaa, ya kwanza iende kukarabati baraza la zamani kabla ya kuanza jipya. Wazee wa Baraza la Pambo wakaamriwa wakae palepale nje, juu ya baraza, na kila apitaye awasikie wanasema nini, na ikawa mwezi ule wameamua mambo manne. Kirumbi nao wakasikia, wakaleta watu kuja kutazama, na waliokuja kutazama wakakaa, na waliokaa wakanunua samaki.

Ngwali akavikwa joho, akaitwa Fundi wa Mabaraza, jina alilolipenda kupita kiasi. Nyumba ya mama yake Mize ikabaki pale ilipo, ikivuja ilipokuwa ikivuja, kwa sababu Ngwali hakupata nafasi ya kuitengeneza, alikuwa akieleza watu jinsi alivyofanya.

Na kwa kuwa nimesema haya yote ni kweli, sina budi kukiri kuwa pana neno moja nimelitia mwenyewe. Lile swali la heshima na kupinga halikutoka kinywani mwa Ngwali. Ngwali saa ile alikuwa amekauka kama jiwe la mia, mdomo wazi, macho yake kwenye lango la mji, anahesabu hatua za kutokea. Aliyeuliza ni Mize. Nami kila nikiisimulia hekaya hii humpa Ngwali neno lile, maana mke wangu huwa amekaa papo hapo ananisikiliza, na nilitamani walau mara moja, hata kwa uongo, mume awe ndiye aliyeiokoa nyumba.